Nyayo Nyuma ya Magunia

Chumba cha mita cha kiwanda kile cha mikate kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu mnene angeingia kwa zamu, kwanza tumbo, halafu mwenyewe. Mpelelezi hakuwa na shida hiyo. Kwenye shirika la umeme walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kupenya palipobana. Tangu mchana alikuwa amechuchumaa mbele ya mita, simu ya kazini mkononi, akitazama mchoro wa umeme uliotumika pale Jumatatu jioni.

Mlangoni alisimama mwenye kiwanda, mama mjane ambaye wafanyakazi wake walimwita Mama Hamira, kwa kuwa hasira zake huumuka haraka na kusinyaa haraka.

"Umemwona mwizi wangu?" aliuliza.

"Nimeona meno yake tu, mama."

Sindano aliinua simu ili naye aone. Tanuri likiwashwa, mstari wa mchoro hupanda taratibu, ukifika juu hutulia huko kama mtu aliyepanda darini kulala. Mstari wa Jumatatu haukutulia. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, ukashuka, mfano wa kitana kilichong'oka meno.

"Hili si tanuri," Sindano alisema. "Hiki ni kitu cha kupokezana. Mtu anatoka, mwingine anaingia."

"Matanuri niliyafunga mwenyewe. Funguo hizi hapa." Mama Hamira alijipiga kifuani, mahali ambapo akina mama huweka vitu visivyoguswa na mtu. "Sasa wanapokezana nini humu ndani?"

Hilo ndilo lililomleta Sindano. Mkataba wa kiwanda na shirika haukuwa na mafumbo. Jioni watu wote wanaporudi makwao na kuwasha taa, majiko na televisheni kwa pamoja, mitambo ya umeme huhema kama punda mlimani. Kwa hiyo shirika huwabembeleza wenye viwanda: pumzisheni mashine zenu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, nasi tutawauzia umeme wa saa nyingine zote kwa bei ya motisha. Kiwanda kikivuka kiwango cha jioni mara tatu katika mwezi mmoja, bei hiyo inafutwa. Mama Hamira alikuwa amevuka Alhamisi iliyopita, akavuka tena Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Bei hiyo ndiyo iliyonizalia zamu ya usiku," alisema, na sauti ilimshuka kidogo. "Ikifutwa, usiku sioki. Nisipooka usiku, wale watu wangu niwaambie nini? Wakaoke mwezini?"

"Na tukizima swichi kuu jioni hii?"

"Chumba baridi kina siagi ya wiki nzima. Na Jumatatu je, tuzime tena? Nina kiwanda, mwanangu, au nina nyumba ya mishumaa?"

Simu ililia. Alikuwa Mkuu wa Kitengo chake shirikani, na nyuma ya sauti yake kijiko kilikuwa kikikoroga kikombe.

"Usijichoshe," Mkuu alisema. "Kaa hapo hapo kwenye mita. Ikivuka, piga picha, rudi. Kesho asubuhi nafuta bei, tunafunga jalada."

"Nikikipata kinachovusha kabla hakijavusha, mzee?"

"Basi utakuwa umefanya kazi mbili kwa mshahara mmoja." Akacheka, akakata.

Sindano alitazama saa. Ilikuwa inaelekea saa kumi. Angeweza kweli kukaa. Kiti kilikuwepo, kivuli kilikuwepo, na mwizi angekuja mwenyewe hadi kwenye kioo cha mita. Lakini mwizi akija, ndiyo mara ya tatu, na watu wa zamu ya usiku watakuwa wamekwenda na maji. Akasimama, akajikung'uta magoti.

Mama Hamira alikuwa anavaa viatu vya kutokea.

"Mimi natoka. Jumatatu na Alhamisi huenda kumwona mama yangu mzazi. Na leo kuna mambo ya harusi."

"Harusi ya nani, mama?"

"Yangu. Jumamosi ya wiki ijayo naolewa na dereva wa lori la unga. Usicheke."

"Sijacheka."

"Macho yako yamecheka. Na nimewaambia watu wangu wote: sitaki ngoma, sitaki vigelegele, mimi si wa kurushwarushwa. Tunafunga ndoa, tunakula, tunalala." Akaondoka akivuta mlango, halafu akaurudia. "Ukimkamata, usimpige. Niachie mimi."

Sindano alianza na ukuta wa nyuma. Waya mmoja ulitoka kwenye nguzo ya kiwanda, ukavuka ukuta, ukaangukia kwenye karakana ya jirani, fundi wa kuchomea vyuma. Wachomea vyuma hupokezana mashine, na mashine zao hula umeme kwa kudonoa, kidogo kidogo. Aliuzunguka ukuta mbio. Fundi alimkuta akiufuata waya kwa kidole, naye akapandisha miwani yake myeusi kwenye paji la uso.

"Dada, unatafuta nini?"

"Natafuta waya huu unaishia wapi."

"Unaishia kwenye shati langu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa waya wa kuanikia nguo, na shati lilikuwa bado bichi.

Alirudi getini akiwa ameumia kidogo moyoni. Mlinzi, mzee wa meno machache na maneno mengi, alimvutia kigoda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umeshamkamata?"

"Bado. Zamu ya mchana inatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na robo hivi."

"Na wanaondoka muda huo huo?"

Babu alikohoa. Alikohoa tena, ingawa kikohozi cha kwanza kilitosha. "Wengine wanaondoka. Wengine wanaagana kwanza."

"Kuagana huko kunachukua muda gani?"

"Inategemea mtu anavyopendwa, mjukuu wangu."

Kabla hajambana zaidi, lori liliunguruma nje. Babu aliruka kufungua geti kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa yamezoea. Akashuka mwanamume mkubwa kama kabati, ndevu zimechanwa vizuri, mkoba mdogo kwapani. Bwana harusi mwenyewe. Sindano alichungulia nyuma ya lori. Palikuwa tupu, hata gunia la kusingizia hapakuwa na moja.

"Habari za kazi, kaka. Umeleta unga?"

"Leo hapana."

"Umeleta nini, basi?"

Dereva alifikiri. "Lori."

"Jumatatu iliyopita ulileta unga?"

"Jumatatu..." Akamtazama Babu, Babu akatazama mbingu. "Jumatatu pia nilileta lori."

"Na mkobani mna nini?"

Alifungua kwa aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mlikuwa na taulo, kipande cha sabuni na poda ya kujipaka.

"Za jasho hizi," alieleza. "Lori lina joto."

"Lori lako limesimama, kaka, na wewe umelishuka. Joto liko wapi?"

Dereva alicheka kicheko kisicho na mwenyewe, akafunga mkoba, akaondoka upande wa choo. Sindano alibaki akimtazama mgongo. Mtu anayeingia kiwandani bila mzigo, siku zile zile mita inaporuka, siku zile zile mwenye kiwanda anapotoka. Kama ni yeye, harusi ya Jumamosi itakuwa msiba. Hakupenda wazo hilo, lakini hakuajiriwa kupenda mawazo.

Alikagua lori. Halikuwa na waya, halikuwa na betri ya kuchajiwa, lilikuwa na makombo ya mkate tu na kitana. Akauliza moyoni: dereva wa unga anakijua vizuri chumba gani humu? Akaenda kwenye ghala la unga.

Ghala lilikuwa kimya, magunia yamepangwa hadi karibu na dari. Harufu ya unga ilimwasha pua. Aliangalia soketi, ilikuwa moja tu, tena imefunikwa na utando wa buibui. Aliangalia taa. Hakuna kitu. Alikuwa anageuka kutoka alipoona kwamba safu ya mwisho ya magunia imesogezwa mbele, isiguse ukuta, na nyuma yake pamebaki uwanja mpana ambao mtu wa mlangoni asingeuona.

Alipenya. Jina halikumdanganya mtu.

Sakafu ya huko haikuwa imefagiliwa kwa siku kadhaa. Unga ulikuwa umetanda mwembamba, na juu yake palikuwa na nyayo za watu wengi, peku, wadogo kwa wakubwa. Sindano alichuchumaa. Vidole vilikuwa vimezama, visigino havikuonekana sana. Watu hawa hawakuwa wamebeba kitu kizito, maana anayebeba mzigo hukanyaga kwa kisigino. Wala hawakuwa wamesimama kufunga waya. Walikuwa katika safu mbili zinazotazamana, zinakaribiana, zinapishana, zinarudi. Na kati ya nyayo hizo palikuwa na jozi moja kubwa kama mabati ya kuokea mikate, ambayo kila mahali wenzake walipogeukia kulia, yenyewe iligeukia kushoto.

Wanasukuma mashine? Wanazunguka kitu? Njia ya kujua ilikuwa moja. Alivua viatu, akachagua nyayo zinazolingana na zake, akaweka mguu juu ya alama ya kwanza. Kulia, kulia, kushoto nyuma. Akarudia kwa haraka kidogo. Kulia, kulia, kushoto nyuma, nusu mzunguko. Kiuno kilimfuata chenyewe bila kuombwa. Alizunguka, akarudi, akapishana na mtu asiyekuwepo, na alipoinua mkono ili asianguke ndipo akatambua kwamba hapelelezi tena. Alikuwa anacheza.

"Mguu wa kulia umeuchelewesha, binti."

Sindano aliganda mguu mmoja hewani. Kwenye upenyo wa magunia alisimama mkubwa wa chumba cha kukandia, mama mpana aliyeitwa Shangazi na kiwanda kizima, hata na waliomzidi umri. Nyuma yake walijazana watu wa zamu ya mchana, wanawake kwa wanaume, peku, mmoja kashika ndoo ya plastiki ya kupigia mdundo. Nyuma yao wote, kabati la dereva.

Shangazi akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga, akabaki na alama nyeupe za vidole shavuni.

"Mungu wangu, nimeropoka."

"Umeropoka, Shangazi," alisema dereva kwa huzuni. "Mimi huko getini nilijikaza kisabuni."

"Wewe? Wewe ulisema umeleta lori!" Watu wakacheka, na kicheko hicho kikavunja kila kitu.

Ikabidi waseme. Mama Hamira alikataa ngoma, nao wameamua kumpa. Siku ya harusi, atakapotoka nje, atawakuta wamejipanga safu mbili, naye bwana harusi katikati. Tangu Alhamisi iliyopita wamekuwa wakifanya mazoezi kila anapokwenda kwa mama yake, wakamwapisha Babu wa getini asiseme. Dereva aliomba mwenyewe kuingia.

"Ameniambia mimi ni mzito," dereva alisema. "Nataka anione siku moja nikiwa mwepesi."

Sindano alivaa viatu polepole. "Mnajua ninatafuta nini humu?"

"Tunajua," Shangazi alijibu. "Na ndiyo maana tulikukwepa, ungemwambia. Lakini umeme? Umeme wa nini? Tunaimba kwa midomo, tunapiga ndoo. Hata redio hatuwashi. Haki ya nani, kama ngoma hii imekula umeme, basi unikate mkono huu wa kukandia."

Ilikuwa kweli. Soketi ilikuwa moja, na buibui wake alikuwa shahidi. Sindano aliegemea gunia. Alikuwa ameifichua siri ya kiwanda kizima, na hakuna hata uzi mmoja ulioelekea kwenye mita.

"Shangazi," alisema, "mara ya tatu ikitokea leo, kesho zamu ya usiku haipo."

Ndoo ilishushwa chini. Hakuna aliyecheka tena. Kwenye kundi lile palikuwa na watu ambao waume zao, wake zao na ndugu zao walikuwa zamu ya usiku.

"Basi tuache mazoezi leo," mmoja alisema.

"Mazoezi hayana kosa," Sindano alisema. "Chezeni. Chezeni kama Jumatatu, msibadilishe kitu. Nataka kuona kila mnachofanya, mwanzo hadi mwisho."

Wakacheza. Ndoo ililia, sauti zikapanda, unga ukaruka hadi magotini. Walipishana na kuzunguka, Shangazi akielekeza kwa kidevu, dereva akigeukia kushoto kila mara na kila mara akiomba radhi. Sindano aliangalia mikono yao, mifuko yao, kuta. Hakuna aliyegusa kitu cha umeme. Jua lilikuwa limeinama, na mwanga wake ukapita mlangoni na kuonyesha nyuso zote zikimetameta kwa jasho lililochanganyika na unga. Walikuwa wamegeuka donge. Mtu angeweza kuwakata na kuwaoka.

Ngoma ilipokwisha, walifanya kitu kimoja wote, bila kuambizana. Waliinama pembeni, kila mmoja akaokota taulo lake.

Sindano akalitazama taulo la dereva. Akatazama mataulo mengine. Mtu anatoka, mwingine anaingia.

"Mnakwenda wapi?"

"Kuoga, binti," alisema Shangazi. "Nitapanda gari na watu nikiwa hivi?"

"Mnaoga wapi?"

"Hapo mabafuni, siku zote tunaoga. Tangu kiwanda kijengwe."

Sindano alikuwa ameshatoka mbio. Mabafu yalikuwa nyuma ya ghala, ya wanawake upande huu, ya wanaume upande ule. Alisukuma mlango wa kwanza, akainua uso. Bomba la mvua lilikuwa na kichwa kinene cha plastiki kinachopasha maji chenyewe, kile kinachovuta umeme kama mlevi avutavyo soga. La pili vile vile. Yote vile vile, pande zote mbili.

Walimkuta amesimama katikati ya korido, anacheka peke yake.

"Siku za kawaida mnaoga saa ngapi?"

"Tukitoka tu kazini. Saa kumi na nusu."

"Saa hiyo ogeni hadi mng'ae, shirika halina neno. Lakini siku za mazoezi mnacheza kwanza, mnaoga saa kumi na mbili. Mabomba yote kwa pamoja, mmoja akitoka mwingine anaingia. Mwizi wa Mama Hamira ni maji ya moto."

Macho yaliwatoka. Shangazi alikaa chini palepale, kwenye sakafu, taulo kichwani.

"Tulitaka kumfurahisha," alisema, "kumbe tunamfungia kiwanda."

"Hamjamfungia bado." Sindano alifungua kisanduku cha swichi ukutani, akashusha za mabafu zote, moja baada ya nyingine. "Leo mnaoga maji baridi."

"Baridi?" Ukelele ulitoka pande zote. "Jioni hii? Na upepo huu?"

"Mimi nina kifua!"

"Mimi nina mafuta mwilini," alisema dereva, "lakini baridi huyapita."

"Au mwende na unga hivyo hivyo," Sindano alisema, "mkamweleze kondakta kwamba nyinyi ni chapati."

Waliingia. Sindano alikimbilia chumba cha mita, akachuchumaa, akaweka uso karibu na kioo. Saa kumi na mbili ikafika. Kutoka mabafuni ulipanda mlio ambao mchoro wowote usingeweza kuuonyesha: watu walikuwa wanaita mama zao, wanaimba kwa meno yanayogongana, na sauti nene kupita zote ilikuwa inaomba kufa upesi. Namba za mita zilisogea kidogo kwa ajili ya chumba baridi na taa, kisha zikatulia tuli. Hazikuruka. Hazikudonoa. Mita huchora kila dakika, lakini kiwango cha mkataba hujumlishwa kwa nusu saa, na Sindano hakubandua macho mpaka nusu saa ile ikafungwa, chini kabisa ya kiwango.

Akapiga picha, akamtumia Mkuu. Chini yake akaandika: Nimefanya kazi mbili.

"Nani anachinjwa humu?"

Mama Hamira alikuwa amerudi mapema. Wasiwasi wa Alhamisi ulikuwa umemshinda, na makelele ameyasikia tangu barabarani. Sindano alimwonyesha kioo cha mita. Mama yule alisoma, akasoma tena, akashika ukuta.

"Haijavuka."

"Haijavuka, mama. Na haitavuka tena. Bei yako ipo, zamu ya usiku ipo."

"Mwizi ni nani?"

"Maji ya moto ya kuogea. Kuna watu walioga jioni badala ya mchana. Hawakujua."

"Na kwa nini watu wangu waoge jioni badala ya mchana?"

Sindano alikuwa ameulizwa maswali mengi katika kazi yake, lakini kwa hili alitamani angekuwa fundi wa kuchomea vyuma. Hakuwa na haja ya kujibu. Mama Hamira alikuwa ameshatembea hadi kwenye korido, na pale walikuwa wamejipanga, bila kukusudia, safu mbili zinazotazamana, mataulo mabegani, midomo ikitetemeka. Shangazi alitazama chini. Kwenye nywele zake palibaki unga mweupe ambao maji baridi hayakuuweza.

Mama Hamira alipita katikati yao polepole, akimkagua mmoja mmoja kama mikate inayotoka tanurini. Alifika mwisho, palipokuwa na mchumba wake, amejifunga taulo shingoni, ndevu zinadondosha maji. Hasira iliumuka usoni mwake, kila mtu akaiona. Halafu ikasinyaa, na badala yake kona za mdomo zikaanza kumtoroka.

"Sikilizeni," alisema kwa ukali uliokuwa na matobo. "Mpaka Jumamosi ijayo, Jumatatu na Alhamisi, zamu ya mchana itaisha saa tisa. Mtu aoge mapema, kwa maji ya moto, kabla ya saa kumi na mbili. Kwa nini iwe saa tisa, hamtaniuliza. Na mnachofanya kuanzia saa tisa, mimi sitauliza."

Hakuna aliyethubutu kupumua, isipokuwa Babu wa getini, aliyepiga kigelegele kimoja kifupi kisha akakigeuza kikohozi.

Mama Hamira alivua mtandio wake, akaurusha juu ya kichwa cha dereva.

"Na wewe jifute vizuri. Sitaki bwana harusi mwenye mafua."